Daftari la Serikali na Amri ya Katiba

Machi 2, 1995, Seneti ya Marekani ilikuwa imepungukiwa kura moja. Januari ya mwaka huo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 300 dhidi ya 132, pendekezo la kuongeza kifungu katika katiba: serikali kuu isitumie kwa mwaka zaidi ya inachokusanya. Seneti ilihitaji kura 67. Za uhakika zilikuwa 66. Katika chama chote cha Republican aliyekataa alikuwa mmoja tu, Mark Hatfield wa Oregon, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayogawa fedha za matumizi. Wenzake wakambana. Hatfield akamwendea kiongozi wao, Bob Dole, akamwambia yuko tayari kujiuzulu useneta. Akiondoka watabaki maseneta 99, na theluthi mbili ya 99 ni 66. Dole akakataa kumwachia ajiuzulu. Kura zikapigwa, pendekezo likaanguka. Mwaka 1997 likaletwa tena Seneti, na mara hii pia likakosa kura moja.

Hatfield hakuwa mtetezi wa madeni. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Bunge likitaka kupunguza nakisi lina uwezo wa kufanya hivyo leo, na lisipotaka, kifungu hakitalifanyia kazi hiyo. Miaka iliyofuata ikampa haki kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Kuanzia mwaka wa fedha wa 1998 hadi 2001 serikali kuu ya Marekani ilikuwa na ziada miaka minne mfululizo, bila kifungu chochote. Uchumi ulikuwa unapaa, kodi zilikwishapandishwa mwanzoni mwa muongo, na vyama viwili vilikuwa vimekubaliana kubana matumizi. Kisha yakaja mapunguzo ya kodi ya 2001 na 2003, vita viwili, na anguko la mabenki la 2008, ziada ikayeyuka.

Hamu ya kuifunga serikali mikono ni ya zamani kuliko hapo. Mwaka 1798 Thomas Jefferson alimwandikia rafiki yake John Taylor kwamba laiti angeweza kupata badiliko moja tu la katiba, lingekuwa la kuinyang'anya serikali kuu uwezo wa kukopa. Miaka mitano baadaye, akiwa rais, Ufaransa ikamtolea Louisiana kwa dola milioni 15. Hazina haikuwa na fedha hizo. Jefferson akatoa hati fungani za dola milioni 11 na robo, nchi yake ikaongezeka karibu mara mbili. Simlaumu. Namtaja kwa sababu ndani ya mtu mmoja tunaona pande zote mbili za suala hili: woga wa haki juu ya deni, na siku ambayo kutokopa kungekuwa hasara kubwa zaidi.

Woga huo nauheshimu kabisa. Waswahili tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mtu binafsi, anayecheza ngoma ndiye atakayelia baadaye. Kwa serikali ni watu wawili tofauti. Mtoto anayezaliwa leo Mtwara au Kisumu hakuwepo mkopo ulipotiwa saini, hakupiga kura, hakupita juu ya barabara iliyochakaa kabla deni lake halijaisha, lakini kodi yake itakatwa kulipia riba. Wanaodai sharti la katiba wanamsemea huyo, na hakuna ubaya wowote katika kumsemea. Ninachouliza ni kama sharti lenyewe linamfikia.

Tuanze na neno "sawa". Mapato sawa na matumizi. Matumizi yepi, na yanahesabiwa lini?

Baba yangu mdogo alikuwa mzabuni. Akipeleka maharage na unga wa sembe kwenye shule moja ya bweni ya serikali, miaka ya mwisho ya 1990. Chini ya kitanda chake alikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake hati za kupokelea mzigo: kilo kadhaa za maharage, magunia kadhaa ya unga, sahihi ya mtunza stoo, muhuri wa shule wa wino wa zambarau uliokuwa umeanza kufifia. Karatasi zilikuwa zimepinda pembe kwa kushikwashikwa. Kila muhula akienda kwa mhasibu anaambiwa fungu halijaja. Akirudi nyumbani alikuwa ananiambia, "Mwanangu, wamesema tena nisubiri bajeti ijayo." Watoto walikwishakula, wakamaliza kidato cha nne, wakaondoka. Karatasi zilibaki.

Miaka ileile Tanzania ilikuwa inasifiwa kwa nidhamu ya fedha, na sifa ilistahili. Kuanzia 1996, serikali ya Mzee Mkapa ilifuata bajeti ya fedha taslimu: wizara zinagawiwa kila mwezi kwa kadiri ya kilichokusanywa, na zaidi ya hapo hakuna. Mfumuko wa bei, uliokuwa karibu asilimia 30 katikati ya muongo, ulishuka hadi asilimia 6 hivi mwaka 2000. Bila hatua ile mshahara wa mwalimu ungeendelea kuliwa na bei za sokoni. Ila kwa hesabu ya fedha taslimu, maharage ya baba mdogo hayakuwa matumizi. Matumizi ni fedha inapotoka, na fedha haikutoka. Hazina ilionekana imesawazisha, na mkopeshaji aliyeiwezesha kusawazisha hakuwa benki wala soko la hati fungani. Alikuwa mzee wa maharage, aliyekopesha bila riba na bila kuulizwa.

Jambo hili halihusu nchi maskini pekee. Julai 2009 jimbo la California, ambalo katiba yake inadai bajeti yenye uwiano, liliishiwa fedha taslimu likaanza kuwapa wanaolidai hati za ahadi badala ya malipo. Watetezi wa kifungu hupenda kusema kwamba majimbo yote ya Marekani isipokuwa Vermont yana sharti la namna hii, basi kwa nini serikali kuu isiweze? Kwa kweli majimbo yanaweza kwa sababu mbili ambazo hazitajwi sana. Kwanza, sharti kwa kawaida linagusa bajeti ya uendeshaji tu. Barabara, madaraja na majengo ya shule hujengwa kwa hati fungani, kwa daftari lingine. Pili, uchumi unapoanguka, serikali kuu hukopa kwa niaba yao. Sehemu kubwa ya fedha za kuokoa uchumi zilizoidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2009 ilikwenda kwenye majimbo ili yasifukuze walimu. Mtoto anaweza kujivunia kutokuwa na deni iwapo mama yake ndiye anayekopa dukani.

Kisa cha kufundisha kuliko vyote ninavyovijua ni cha Indonesia. Chini ya Suharto, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kwa miongo mitatu, serikali ilitangaza kila mwaka bajeti iliyo sawia kabisa. Siri yake ilikuwa fungu moja la hesabu: mikopo na misaada kutoka nje iliandikwa upande wa mapato, ikiitwa mapato ya maendeleo. Ukikopa na kuuita mkopo mapato, kamwe hutakuwa na nakisi. Nisiwavunjie heshima mafundi wa uchumi wa Jakarta: kanuni hiyo ilizuia kuchapisha noti, na baada ya mfumuko wa bei wa kutisha wa miaka ya 1960 hiyo ilikuwa neema. Lakini mwananchi aliyesikia neno "sawia" hakuweza kujua nchi inadaiwa kiasi gani.

Nchi iliyojaribu kwa bidii kuziba mianya ya namna hii ni Ujerumani, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 2009, mabenki yakiwa bado yanatetemeka, wabunge wake waliandika katika ibara za 109 na 115 za katiba kile wanachokiita breki ya deni. Serikali kuu isikope kwa mwaka zaidi ya asilimia 0.35 ya pato la taifa, baada ya kuondoa athari za kupanda na kushuka kwa uchumi. Majimbo, kuanzia 2020, yasikope kabisa. Penye janga, Bunge linaweza kulegeza, lakini liseme ni janga gani na litoe mpango wa kulipa.

Kwa vipimo vyake yenyewe breki ilishika. Tangu 2014 hadi 2019 serikali kuu haikukopa upya, na deni la umma lilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 ya pato la taifa mwaka 2010 hadi karibu asilimia 60. Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2019 hati fungani za Ujerumani za miaka kumi zilikuwa na riba chini ya sifuri. Yaani wenye fedha walikuwa tayari kuilipa serikali ili iwatunzie. Serikali haikukopa. Desemba 2021 daraja la Rahmede, karibu na mji wa Lüdenscheid kwenye barabara kuu ya A45, likafungwa kwa sababu halikuweza tena kubeba uzito. Malori yaliyokuwa yakipita juu ya bonde yakamiminika katikati ya mji, mchana na usiku, mbele ya madirisha ya watu. Mei 2023 daraja likalipuliwa ili lijengwe jipya. Siwezi kusema breki ya deni ndiyo iliyolichakaza. Lilijengwa miaka ya 1960 kwa malori mepesi, na upangaji wa Kijerumani una polepole yake. Ila daraja linaloachwa lizeeke ni deni kama deni jingine. Haliandikwi kwenye mizania, ndiyo maana kanuni inayotazama mizania tu hailioni.

Kisha ikaja vita ya Ukraine. Mwaka 2022 wabunge walitaka euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, breki ikawazuia, wakaandika mfuko huo ndani ya katiba yenyewe. Mwaka huohuo walikwishahamisha euro bilioni 60, idhini ya mkopo iliyotolewa kwa ajili ya korona na isiyotumika, wakazipeleka kwenye mfuko wa tabianchi ili zitumike miaka ya mbele. Wabunge 197 wa upinzani wakaenda mahakamani. Novemba 15, 2023, Mahakama ya Katiba huko Karlsruhe ikabatilisha uhamisho ule.

Wengi walikasirika na majaji. Mimi nadhani hukumu ile ni sehemu bora ya kisa chote. Mahakama haikukataza mkopo. Iliwataka wabunge waeleze janga lina uhusiano gani na fedha inayokopwa, na ikawaambia kwamba idhini ya mwaka mmoja haiwekwi kibindoni itumike mwaka mwingine. Kwa maneno mengine, iliwalazimisha kuandika kila jambo kwenye ukurasa wake. Serikali ya vyama vitatu ilihangaika mwaka mzima kuziba pengo, na Novemba 6, 2024 Kansela Scholz akamfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner. Muungano ukavunjika. Baada ya uchaguzi wa Februari 2025, Bunge la zamani liliitwa haraka, kabla jipya halijakaa, likabadilisha katiba kwa kura 512 dhidi ya 206: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa yakatolewa kwenye breki, ukaundwa mfuko wa miundombinu wa euro bilioni 500, na majimbo yakaruhusiwa tena kukopa kidogo. Waliopiga kura hiyo walikuwa pamoja na chama kilichokwenda Karlsruhe. Tarakimu ya 0.35 imekaa katika katiba tangu 2009, na ilipogongana na hali halisi, ilizungukwa kwa mifuko. Kilichobaki na nguvu ni ile sehemu inayodai uwazi.

Hispania na Italia zinaweza kupitiwa upesi. Hispania ilibadili ibara ya 135 mwaka 2011 kwa haraka kubwa, masoko yakiwa yameishika koo, na kuandika kwamba malipo ya deni yatatangulia mengine yote. Italia ilifuata mwaka 2012 kwa ibara ya 81. Deni la Italia limebaki juu ya asilimia 130 ya pato la taifa karibu miaka yote tangu hapo. Katiba zilizoandikwa ili kutuliza wakopeshaji hutuliza wakopeshaji, kwa muda.

Uswisi ndiyo inayotolewa mfano mzuri, na kwa haki. Desemba 2, 2001 wananchi wenyewe, takribani asilimia 85 ya waliopiga kura, walikubali kanuni inayosema matumizi yafuate mapato kwa mzunguko wa uchumi: ziada miaka mizuri, nakisi miaka mibaya, na kila kilichopita kiasi kinaandikwa katika akaunti maalumu ili kirudishwe. Deni la serikali ya shirikisho lilishuka kutoka zaidi ya faranga bilioni 120 hadi chini ya bilioni 100 mwaka 2019. Lakini anayetaka kuichukua kanuni hiyo na kuihamishia kwake aangalie imesimama juu ya nini. Nchini Uswisi hata viwango vya juu vya kodi vimeandikwa katika katiba, na haki ya serikali kutoza kodi ya mapato na ya ongezeko la thamani ina tarehe ya kwisha. Mwaka 2018 wananchi waliirefusha hadi 2035 kwa kura. Mtu aliyepigia kura kodi na akapigia kura mipaka ya matumizi anajua anachokifunga. Kanuni ni kilele cha mlima, na sisi mara nyingi tunaomba kilele bila mlima.

Huku kwetu, Kenya ndiyo iliyosogea karibu zaidi na suala hili. Katiba ya 2010, ibara ya 201, inasema mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya mikopo ya umma igawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Yule mtoto wa Kisumu ametajwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ikaongeza kwamba, kwa muda wa kati, mikopo itumike kwa maendeleo tu. Haya ni maandishi mazuri kuliko ya nchi nyingi tajiri. Lakini angalia ukomo wa deni. Ulikuwa asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa ya deni. Mwaka 2019 ukageuzwa kuwa shilingi trilioni 9. Juni 2022 ukawa trilioni 10. Mwaka 2023, deni likiwa limeivuka hiyo trilioni 10, ukarudishwa kuwa asilimia, mara hii 55, na serikali ikapewa miaka mitano kuufikia. Kila mara ukuta ulisogezwa na walewale waliotakiwa kuzuiwa nao.

Juni 2024 vijana wa Kenya wakaingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na watu wakauawa. Rais Ruto akakataa kuutia saini. Pengo lililobaki lilikuwa shilingi bilioni 346, na mwezi uliofuata akapendekeza kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa zinazobaki. Wanaozungumzia bajeti sawia kana kwamba ni suala la hesabu wazikumbuke siku zile. Kusawazisha ni kuchagua nani alipe, na uchaguzi huo ukifanywa pasipo imani, hakuna ibara itakayoulinda.

Katiba ya Tanzania ya 1977 iko kimya juu ya kiasi. Ibara ya 141 inasema Deni la Taifa litadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Haisemi likue hadi wapi. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, jambo ambalo linamfanya mbunge afikirie jimbo lake kabla ya kufikiria nakisi. Wapo wanaotaka katiba mpya, ikija, iweke kikomo cha asilimia. Sipingi kikomo cha sheria. Kwenye katiba ningeomba kitu kingine kwanza: wajibu wa serikali kuchapisha kila mwaka, mbele ya Bunge, kila inachodaiwa, pamoja na dhamana ilizotoa kwa mashirika, mikataba ya ubia, na malimbikizo ya wazabuni, wakandarasi na watumishi, na deni lisilotangazwa lisiwe halali.

Sababu iko jirani. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa takribani dola bilioni 2 kwa dhamana ya taifa, kwa meli za uvuvi na ulinzi wa pwani. Katiba ya Msumbiji ilidai idhini ya Bunge kwa dhamana za namna hiyo. Bunge halikuulizwa. Sehemu kubwa ilifichuka Aprili 2016, wahisani wakasimamisha misaada, na maisha ya watu kuanzia Maputo hadi Cabo Delgado yakapanda gharama kwa fedha ambazo hawakuziona. Baraza la Katiba lilikuja kubatilisha dhamana hizo mwaka 2019 na 2020. Kikomo cha asilimia kisingezuia chochote kule, kwa kuwa kinapima kilichoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari hukua kwa njia hiyohiyo.

Novemba 30, 2013, mjini Kampala, marais wa Afrika Mashariki walitia saini itifaki ya sarafu moja. Ndani yake kuna kikomo cha nakisi, asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, na cha deni, asilimia 50 kwa thamani ya sasa. Itifaki iliahidi pia ofisi ya pamoja ya takwimu na kamisheni ya kusimamia utekelezaji. Sarafu ilitakiwa iwepo 2024; sasa inatajwa 2031. Katika miaka iliyobaki mabishano yatakuwa juu ya ile tatu, kama iwe tatu au tatu na nusu. Ningependa wataalamu wakikaa Arusha waanze na swali la kabla yake: nchi mwanachama ikipokea magunia ya maharage mwezi Machi na isiyalipe, nakisi ya mwaka huo inaandikwa ngapi?

Baba mdogo alilipwa sehemu, miaka kadhaa baadaye, bila riba. Zilizobaki bado ziko kwenye kopo.